Gari inakula oili, mashine ya majani inafuka moshi: kabla hujamwita fundi chomoa stiki ya kupimia oili

Jumamosi moja nilifungua chupa ya oili ya lita moja nikaimimina yote kwenye mashine ya kukata majani, maana mashine yenyewe ndogo nikajua chupa moja ndio saizi yake, nikavuta kamba mara nne, ya tano ikawaka, na haikupita nusu dakika uani hapaonekani, moshi mweupe mzito kama watu wanachoma godoro, kuku wa jirani wakaruka ukuta na mama mwenye kuku akaja mbio na ndoo ya maji. Mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inataka kama lita 0.6, mimi nikaijaza karibu mara mbili.

Mwezi huohuo gari yangu, Toyota IST, ilikuwa imeanza kugonga asubuhi nikiwasha, ka-ka-ka-ka sekunde nne tano alafu inanyamaza. Nikakumbuka sevisi ya mwisho fundi aliniambia, "Bosi, hii nchi ya joto, hizo oili nyepesi za huko kwenye baridi, weka namba 40 ulinde injini." Nikaweka. Nilimwamini kwa sababu kwa kusikia tu inaingia akilini, joto kali oili nzito, nani atabisha.

Kumbe hayo maneno ya nchi ya joto ni kweli kwa mashine ya majani na kwa gari nyingi si kweli. Shika hilo maana dalili nyingi hapa chini zinarudi hapohapo.

Gari ina rejeta na ina thermostati, maji yanaanza kupita kwenye rejeta yakifika kama nyuzi 82 hivi na kuanzia hapo injini inajishikilia kwenye joto lake iwe uko Mbagala saa nane mchana au Njombe mwezi wa saba watu wamejifunga mablanketi. Injini ikishapata moto haijui uko mkoa gani. Mashine ya majani haina rejeta, inapozwa na upepo wa feni yake tu, kwahiyo hewa ya nje ikiwa nyuzi 33 na yenyewe inachemka zaidi, na juu ya hapo mashine nyingi za kusukuma hazina pampu ya oili wala filta, kuna kadude huko chini kanazunguka kanarusha oili kama mtu anapiga maji kwa kijiko. Gari inasukumiwa oili kwa presha kwenye vinjia vyembamba, mashine inarushiwa. Sasa utawekaje kitu kimoja?

Namba zenyewe, haraka haraka. 5W-30: hiyo 5W ni jinsi oili inavyotembea injini ikiwa ya baridi, W ni ya winta, na 30 ni unene wake ikishafika nyuzi 100. Kwahiyo 5W-30 na SAE 30 zikishapata moto zinakaribiana unene, tofauti iko asubuhi, moja inakimbia nyingine inatambaa. Namba 40 ya kavu isiyo na W ndio inatambaa kweli.

Kwanza kabisa, pima vizuri

Nusu ya kesi ninazoletewa mtu hajui oili iko wapi kwenye stiki. Gari iweke pasipo na mteremko, zima, subiri dakika tano oili ishuke, chomoa stiki, futa na kitambaa kisichotoa manyoya, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena ndio usome. Ile ya kuchomoa mara ya kwanza haina maana, oili imerukaruka mpaka juu.

Mashine ya majani ina mtego wake. Zenye injini za Honda za GX unaingiza stiki bila kukaza nyuzi, inakaa tu juu, unachomoa unasoma. Briggs & Stratton nyingi unakaza mpaka mwisho ndio usome. Ukichanganya hizo mbili utasoma imepungua wakati imejaa, au imejaa wakati imepungua. Angalia kitabu au kibandiko cha mashine yako, usinifuate mimi kichwakichwa.

Ukishapima chukua tone sugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ina chengachenga? Nusa, inanuka petroli? Rangi yake je? Hapo umeshafanya kazi ambayo mafundi wengine wanakulipisha.

Inagonga asubuhi ikiwashwa, sekunde chache inanyamaza

Hii ndio ilikuwa yangu. Sababu ya kwanza kiwango kiko chini, ongeza uone. Sababu ya pili oili nzito kuliko injini inavyotaka, inachelewa kufika juu kwenye kemshafti na kwenye cheni ya taiming. Ya tatu filta ya bei ya kutupa, ndani ya filta kuna kampira kanakozuia oili isirudi chini gari ikilala, kakiwa kabovu kila asubuhi pampu inaanza kujaza upya kutoka sifuri.

Nilichofanya nilimwaga ile namba 40, nikaweka 5W-30 na filta ya maana, asubuhi ya pili kimya. Sikufungua hata nati moja ya injini. Ukifanya hivyo na kelele bado ipo, na inaendelea hata gari ikipata moto, hapo ni cheni imelegea au beringi, hilo oili haitibu.

Injini za 1NZ-FE (IST, Probox, Premio na Allion za 1.5, Vitz za 1.5) zina VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, na VVT-i inasukumwa na presha ya oili yenyewe kupitia valvu ndogo iliyo na kachujio kadogo mno. Oili nzito au iliyoganda inachelewesha hiyo valvu, gari inakuwa mvivu kupanda, sailensa (mngurumo wa gari ikiwa imesimama bila kukanyaga mafuta) inacheza, taa ya injini inawaka na ukipima kwa mashine unaweza kupata namba ya hitilafu P1349. Watu wananunua valvu mpya hapo wakati kilichoziba ni kachujio na oili ya miaka. Safisha kwanza.

Kwa haki ya mafundi niseme pia, vitabu vya baadhi ya Toyota zilizotengenezwa kwa soko la nje vinaruhusu mpaka 15W-40 au 20W-50 hali ya hewa ikiwa ya joto. Kwahiyo Corolla ya zamani iliyozoea 20W-50 na haikusumbui usianze kuipapasa. Ninayemsema ni yule mwenye Aqua au Vitz mpya ya 0W-20 anaenda kuwekewa 20W-50 kwa sababu kopo lilikuwa karibu. Haibridi ndio kabisa, injini inazima na kuwaka njia nzima, inahitaji oili inayofika fasta.

Utajuaje yako inataka nini? Angalia mfuniko wa oili, Toyota nyingi za karibuni wameandika juu yake. Hawajaandika? Kile kitabu cha Kijapani kwenye boksi la dashibodi ambacho kila mtu anakitumia kufungia risiti za trafiki, kifungue. Huwezi kusoma neno ila 5W-30 ni 5W-30 hata kwa Kijapani, pekua kurasa za nyuma utaiona, na pembeni yake kuna ujazo. Kwa 1NZ utakuta kama lita 3.7 na filta. Kopo ni lita 4. Fundi akimaliza kopo lote anakuambia imekaa vizuri, ujue kazidisha.

Taa nyekundu ya oili inawaka

Zima. Sio ufike kwanza mbele pale kwenye kivuli, zima sasa hivi. Ile taa haipimi kiwango cha oili, inapima presha, maana yake huenda chuma kinasugua chuma. Injini nyingi zilizonoki ukimuuliza mwenyewe atakuambia "taa iliwaka lakini nilikuwa nimebakiza kama kilomita mbili".

Ukishazima, pima. Kiwango kiko chini sana, ongeza, washa, ikizima endelea taratibu na utafute ilipoenda. Kiwango kipo sawa na taa inawaka tu injini ikiwa ya moto na iko sailensa, ukikanyaga inapotea, hapo kuna watuhumiwa wanne: oili imekuwa nyepesi kwa kuingiliwa na petroli, chujio la chini kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) limezibwa na uji mweusi, beringi zimelika, au swichi ya presha yenyewe imekufa. Swichi ndio rahisi kuliko zote, na fundi mwenye kifaa cha kupimia presha ataifungua atafunga geji yake pale atakuambia ukweli ndani ya dakika kumi. Fundi anayetaka kushusha injini kabla ya kufunga geji, mshukuru na uondoke.

Na wanaoweka oili nzito makusudi ili taa izime kabla ya kuuza gari, mnajijua.

Moshi wa bluu

Uliza unatoka saa ngapi. Ukiwasha asubuhi pufff mara moja alafu unaisha, ni sili za valvu zimekauka, usiku oili inadondoka taratibu kwenye silinda. Unatoka ukiwa unakanyaga kupanda mlima, ni ringi za pistoni. Unatoka ukishuka mlima mguu umetoa kwenye mafuta alafu ukikanyaga tena linakuja wingu, rudi kwenye sili za valvu na vile vibomba vinavyoongoza valvu. Na kabla ya yote hayo angalia kama oili imezidi kwenye stiki, na uangalie valvu ya PCV, kile kitu cha bei ndogo kinachopumulisha injini, ikiziba inasukuma oili kwenda kuchomwa.

Kupanda ngazi moja, tuseme kutoka 5W-30 kwenda 10W-40, kunaweza kupunguza ulaji kwa injini iliyochoka kweli. Ni panadol, inakusogeza mpaka upate hela ya ovahoo.

Oili inapungua, moshi sioni, chini hakuna tone

Weka katoni chini ya gari usiku, asubuhi utaona kama kuna tone. Pitisha kidole kwenye gasketi ya kava ya juu, kwenye swichi ya presha, na pale injini inapoungana na giaboksi. Kama kote kukavu basi inaichoma kidogokidogo usione.

Hapa injini zina majina. 1ZZ-FE za mwanzo (Corolla, Premio na Allion za 1.8) zinajulikana kwa kula oili, matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo yakaziba na ringi zikaganda. 2AZ-FE ya 2.4 nayo, na Marekani Toyota wenyewe walifikia kuwabadilishia wateja pistoni na ringi. Ukiwa na mojawapo usijilaumu, wala usimlaumu aliyekuuzia oili. Vitabu vya Toyota vinasema mpaka lita 1 kwa kilomita 1,000 bado iko ndani ya mipaka yao, ambayo mimi naona ni kubwa mno lakini ndio wameandika. Pima kila Jumapili, tembea na chupa kwenye buti.

Imekuwa kama chai ya maziwa

Angalia iko wapi. Kwenye mfuniko tu na stiki ni safi, mara nyingi ni mvuke, gari ya safari fupi nyumbani sokoni, haipati moto vizuri. Ipeleke kwenye safari ndefu uangalie tena. Ikiwa kwenye stiki pia na maji ya rejeta yanapungua, gasketi ya silinda hedi imekwenda. Usiwashe tena, ita brekdauni.

Nyeusi yenyewe sio ugonjwa. Dizeli inakuwa nyeusi baada ya siku chache tu na petroli nayo inafuata, ni oili inayosafisha inabeba uchafu. Ugonjwa ni ukifungua mfuniko ukakuta lami. Hapo usikimbilie dawa za kusafisha injini kwa mara moja, zinabandua mabonge yanaenda kuziba lile chujio la sampu. Weka oili nzuri ya namba sahihi, mwaga baada ya kilomita 1,000, weka tena, mwaga tena, taratibu.

Oili imeongezeka yenyewe

Kwenye gari mara nyingi ni petroli inaingia, nozeli inavuja au injini inamisi muda mrefu. Lakini hii ni mali ya mashine ya majani zaidi. Umeipakia kwenye kirikuu umesahau kufunga koki ya petroli, njia nzima inatikisika, sindano ya kabureta inaachia, petroli inateremka mpaka chini kwenye oili. Ukichomoa stiki imepanda, nyepesi kama maji, inanuka petroli. Usivute kamba hata mara moja. Mwaga yote, weka mpya, tengeneza sindano, na koki ifungwe kila ukimaliza kazi.

Mashine inafuka moshi mweupe

Nimeshawasimulia ya kuku. Imezidi, au umeilaza upande mbaya ukisafisha kisu. Ikilazwa, plagi itazame juu na eya klina iwe upande wa juu, ukigeuza kinyume oili inaingia kwenye eya klina na kabureta. Punguza mpaka alama, toa eya klina, ya sponji ioshe kwa sabuni, ya karatasi badilisha, iwashe iache ifuke mpaka ichoke. Kama kamba imegoma kuvuta usilazimishe, oili imejaa juu ya pistoni, fungua plagi kwanza uivute itoke.

Inakula oili bila moshi wa kutisha

Hii inawapata wanaomalizia oili ya gari kwenye mashine. Briggs & Stratton wanasema wenyewe 10W-30 ukiitumia kwenye joto la zaidi ya nyuzi 27 ulaji unaweza kuongezeka, na kwa joto hilo wanataka SAE 30. Dar ni nyuzi 27 kabla hujamaliza chai. Honda GX wao wanasema 10W-30 kwa matumizi ya kawaida, sasa fuata iliyoandikwa kwenye yako, ila ukiona inapungua kila ukikata eneo kubwa jaribu SAE 30. Na kumwaga usihesabu kwa miaka, hesabu kwa saa, GX mpya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100 au miezi 6. Mashine haina filta, uchafu wote unaogelea humohumo. Mimi namwaga saa 50, vumbi la huku linajulikana.

Petroli ipo, cheche hakuna, au inazima kwenye mteremko

Mtu anabadilisha plagi, anabadilisha koili, anafungua kabureta. GX nyingi zina kifaa kinachokata moto oili ikipungua, na jenereta ndogo hivyohivyo. Kwenye mteremko oili inakimbilia upande mmoja, kifaa kinaona hamna, kinazima. Iweke sawa, ongeza mpaka alama, vuta.

Slasha ya begani imekwama

Hii mara nyingi ni tuu-stroki, haina sehemu ya oili kabisa, oili yake inachanganywa kwenye petroli. Kijana akipewa petroli tupu anakata robo saa, inalia kwa sauti nzuri kuliko siku zote, alafu kimya, pistoni imeshikana na silinda. 1:50 ni mililita 100 kwa lita 5 za petroli, 1:25 ni mililita 200, fuata uwiano wa kitabu chake, na iwe oili ya tuu-stroki yenyewe. Oili ya gari humo inaacha masizi mpaka ekzosi inaziba. Changanya kwenye dumu, tikisa, ndio umimine. Na bodaboda, kwa kuwa mtaniuliza, tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2, oili ya gari inaweza kufanya klachi iteleze.

Herufi kwenye kopo

S ni petroli, C ni dizeli. SN, SP zinafaa hata gari iliyokuwa inadai ya zamani zaidi, SP ndio ya 2020. Kopo lililoandikwa SF peke yake ni kiwango cha injini za 1988 kurudi nyuma, hata likiwa linang'aa namna gani liache. Angalia alama ya TBS au KEBS (mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya), sili ya mfuniko, na ukimaliza toboa kopo lako kwa msumari, makopo mazima yanarudi sokoni na kitu kingine ndani.

Zile mililita 300 zinazobaki kwenye kopo la IST zinakaa kwenye buti kwa kuongezea. Mashine ina chupa yake ya SAE 30 stoo, nimeiandika kwa maka peni kubwa 0.6 TU, na mama wa kuku bado kila nikiitoa anaingiza kuku ndani.